Rejeta za karibu na boila zinachemka, za mwisho ni vuguvugu: tusawazishe vipi mtiririko wa maji?

Mtambo_B

Wakuu, naomba mchango wa wanaoelewa mifumo ya kupasha jengo joto kwa maji.

Jengo lina ghorofa 4. Boila, yaani mtambo wa kupasha maji moto, iko chini, na maji yanapanda kwa nguzo tatu za mabomba: A iliyo karibu na boila, B katikati, C mwisho kabisa. Kila nguzo inatoa tawi moja kwa kila ghorofa, na kila tawi lina rejeta 5, yaani vile vyombo vya chumbani vinavyopitisha maji moto na kutoa joto. Mfumo ni wa mabomba mawili, la kwenda na la kurudi. Mchoro unasema jumla ya kW 90, maji yatoke na nyuzi 70 na yarudi na nyuzi 50. Hali ilivyo sasa, yanatoka 70 na kurudi 59.

Dalili ni hizi. Kwenye nguzo A watu wanafungua madirisha kwa joto. Kwenye nguzo C, hasa ghorofa ya 4, siku za baridi kali vyumba havifiki hata nyuzi 18. Pampu imepandishwa hadi spidi ya mwisho. C haikubadilika kiasi cha kuonekana, ila rejeta za A zikaanza kupiga mluzi. Sasa limekuja pendekezo la kununua pampu kubwa zaidi.

Kila tawi lina valvu ya kusawazishia yenye matundu ya kupimia, na chini ya kila nguzo iko moja pia, lakini zote zimeachwa wazi kabisa. Rejeta zina valvu za themostati, zinazojifunga chumba kikipata joto, za aina inayoweza pia kupangiwa mwanzoni kiasi cha maji. Tuanzie wapi?

---

Kilopaskali

Msinunue pampu. Kwa maelezo yako maji yapo ya kutosha, yanakwenda pasipostahili. Boila ikitoa maji ya 70 na kupokea ya 59 wakati mchoro unataka 50, maana yake kuna maji mengi yanayopita njia fupi ya nguzo A na kurudi yakiwa bado moto.

Maji hufuata njia yenye ukinzani mdogo. Ukiongeza spidi ya pampu, kila tawi linaongezewa kwa kiwango kilekile, kwa hiyo mgawo haubadiliki. Tawi linalopata theluthi ya haki yake, ukipandisha mtiririko kwa 20%, litafikia 40% tu. Na lile linalopata mara mbili litapata mara 2.4. Umeme wa pampu nao hupanda kwa mchemraba wa spidi, yaani 1.2 × 1.2 × 1.2, karibu mara 1.73. Kulitoa tawi hilo kwenye theluthi hadi haki yake kamili kwa pampu peke yake ungehitaji spidi mara 3, presha mara 9 na umeme mara 27. Hakuna bomba la jengo linalostahili mateso hayo.

Jambo la pili ambalo wengi hawalitilii maanani: rejeta hailipi joto kwa kadiri ya maji unayoipa. Kwa mfumo wa 70/50 na chumba cha nyuzi 20, rejeta ikipewa maji mara mbili, joto lake linaongezeka chini ya 20%. Ikipewa nusu, bado inatoa karibu robo tatu. Ikipewa theluthi, inatoa takriban 60%. Ndiyo maana siku za baridi ya wastani hakuna anayelalamika nguzo C, halafu baridi kali ikibisha hodi simu hazikatiki. Ndiyo maana pia kuminya A hakutawaumiza watu wa A: yale maji ya ziada yanawapa joto dogo tu, lakini C wanayakosa kweli.

Kabla ya kugusa valvu yoyote ya kusawazishia, hakikisheni mfumo ni mzima. Kusawazisha mfumo mchafu au wenye hewa ni kazi bure, kwa sababu tope likitoka au hewa ikihama, vipimo vyote vinabadilika.

Presha ya maji pampu ikiwa imezimwa: kila mita 10 za kimo ni kama baa 1. Kama rejeta ya juu kabisa iko mita 12 juu ya geji, mnahitaji baa 1.2, mkiongeza 0.3 hadi 0.5 ili hewa isinyonywe kule juu. Basi geji isome kati ya 1.5 na 1.7 mfumo ukiwa baridi.

Hewa: zimeni pampu, toeni hewa kuanzia ghorofa ya chini mkipanda juu, kisha rudisheni presha. Rejeta yenye hewa huwa baridi juu na moto chini. Ikiwa baridi chini katikati na moto pembeni, hilo ni tope. Maji yakitoka meusi kama wino, ni kutu ya chuma. Safisheni mfumo na muweke chujio lenye sumaku kwenye bomba la kurudi.

Chujio kuu: pimeni presha kabla na baada yake. Tofauti ikiwa kubwa, lifungueni.

Mwisho, pitieni valvu zote za kufungia, moja moja, kwa mkono. Mara nyingi tawi "bovu" lina valvu iliyofungwa nusu nyuma ya dari na mtu akaisahau.

---

SpanaNaKalamu

Naunga mkono, na niongeze upande wa rejeta zenyewe, kwa kuwa hapo ndipo kazi inapoanza.

Mtiririko wa kila kifaa unapatikana hivi: gawanya kW kwa 1.163, kisha gawanya kwa tofauti ya joto la kwenda na la kurudi. Jibu ni mita za ujazo kwa saa. Kwenu tofauti ni nyuzi 20, kwa hiyo:

Rejeta ya kW 1.5: lita 64.5 kwa saa
Tawi la rejeta 5, kW 7.5: lita 322 kwa saa
Nguzo moja, kW 30: lita 1,290 kwa saa
Jengo zima, kW 90: lita 3,870 kwa saa

Lita 64 kwa saa hazipimiki kirahisi kwenye rejeta moja moja, kwa hiyo hapo hatupimi, tunapanga kwa hesabu. Valvu ya rejeta ina namba ya Kv, yaani mita za ujazo zinazopita kwa saa tofauti ya presha ikiwa baa 1. Kv ni mtiririko ugawanywe kwa kipeuo cha pili cha presha kwa baa. Tukiipa rejeta yenu kPa 10, yaani baa 0.1: 0.0645 gawanya kwa 0.316, tunapata Kv 0.20. Fungua jedwali la mtengenezaji wa valvu, tafuta namba ya mpangilio yenye Kv iliyo karibu na hiyo, izungushe pete hadi namba hiyo ikae kwenye alama. Rejeta ndogo ya wati 600 inataka lita 26 kwa saa, Kv 0.08, ukiiachia wazi inakunywa maji ya wenzake wote kwenye tawi.

Msiwape rejeta zote namba moja kwa kuwa zinafanana kwa macho. Kila chumba kina hasara yake ya joto: cha kona na cha chini ya paa vinahitaji zaidi.

Halafu vichwa vyote vya themostati vitolewe kabla ya kupima matawi. Kichwa kikibaki, chumba kikipata joto valvu inajifunga yenyewe katikati ya kazi, na mnabaki mnakimbiza namba zisizotulia. Kwa sababu hiyohiyo pampu yenye akili iondolewe kwenye hali ya kujirekebisha, iwekwe spidi moja isiyobadilika.

---

Mtambo_B

Shukrani sana. Tumefanya hivi: chujio lilikuwa na tofauti ya kPa 18, baada ya kusafishwa ni 3. Hewa imetolewa, rejeta zote zimepangwa kwa hesabu, vichwa vimetolewa, pampu iko spidi moja. Vipimo vya nguzo, lita kwa saa:

A: 2,580
B: 1,680
C: 770

Ndani ya A kuanzia ghorofa ya 1 hadi ya 4: 780, 680, 600, 520.
Ndani ya C: 290, 220, 155, 105.

Tuanze kwa kuifungua C zaidi? Lakini tayari iko wazi yote.

---

Kilopaskali

Hapana, anzeni na A. Sheria ni kuanza na nguzo yenye ziada kubwa zaidi, kwa kuwa kila mnachokiminya pale kinasukumwa kwa wengine.

Geuzeni kwanza namba ziwe uwiano, mtiririko uliopimwa ugawanywe kwa unaotakiwa. Jumla ni 5,030 dhidi ya 3,870, yaani 130%. Pampu yenu imezidi, haikupungua. A inapata 200%, B 130%, C 60%. Tawi la mwisho la C linapata 33%.

Sasa ndani ya nguzo A uwiano ni 2.42, 2.11, 1.86 na 1.61. Wa chini kabisa ni ghorofa ya 4: hilo ndilo tawi la kielelezo, valvu yake ibaki wazi. Nendeni ghorofa ya 3, minyeni kidogo kidogo hadi uwiano wake ulingane na wa ghorofa ya 4. Angalizo kubwa liko hapa: mkiminya la 3, la 4 linapanda. Halibaki kwenye 1.61, linaweza kufika 1.68 hivi. Mnalinganisha na namba ya sasa, siyo ya asubuhi. Kwa hiyo kipimo kimoja kikae kwenye kielelezo muda wote, na kingine kitembee na fundi. Watu wawili wenye simu za upepo wanamaliza haraka kuliko mmoja anayepanda na kushuka ngazi.

Baada ya la 3, nendeni la 2, mlilinganishe na la 4 tena. Halafu la 1. Mkimaliza, matawi manne ya A yatakuwa na uwiano mmoja. Haijalishi kama ni 1.8 au 1.9, kinachotafutwa ni usawa. Kuanzia hapo msiziguse tena valvu za matawi hayo. Chochote kitakachobadilika chini ya nguzo kitawagawia wote sawasawa.

Rudieni kwa B, kisha C. Kwa C, presha ni ndogo na kipimo kitayumba, kwa hiyo minyeni kwa muda valvu ya chini ya nguzo A ili C ipate nguvu ya kupimika. Tofauti ya presha kwenye valvu ya kusawazishia ikiwa chini ya kPa 3, usiiamini sana.

Mkishamaliza ndani ya nguzo zote tatu, rudisheni wazi valvu ya A mliyoiminya kwa muda, na mlinganishe nguzo kwa nguzo kwa utaratibu uleule: C ni kielelezo, B ilinganishwe na C, A ilinganishwe na C. Mwisho kabisa ndipo pampu inaguswa, na inashushwa, haipandishwi.

---

Mpimaji

Nikazie suala la kupima, maana hesabu nzuri juu ya kipimo kibovu haina faida.

Chomeka mipira miwili kwenye matundu ya valvu, wa presha kubwa upande maji yanakotoka. Toa hewa ndani ya mipira hadi maji yatoke bila povu, kisha weka kifaa kwenye sifuri. Tone moja la hewa kwenye mpira linatosha kuharibu usomaji wa kPa 2 au 3. Ingiza kwenye kifaa kipenyo cha valvu na namba iliyo kwenye mpini kama inavyosomeka kweli, ukiingiza 2.3 wakati mpini uko 2.8, mtiririko unaouona ni wa valvu nyingine. Mfumo ukiwa na dawa ya kuzuia maji kuganda, ingiza na kiwango chake.

Angalia mshale kwenye mwili wa valvu, uelekee maji yanakokwenda. Kabla ya valvu kuwe na bomba lililonyooka kwa urefu wa vipenyo 5, baada yake vipenyo 2; ikiwa imetanguliwa na pampu, vipenyo 10. Elbo iliyobandikwa mdomoni mwa valvu inavuruga maji na kifaa kinasoma uongo.

Na kagueni ukubwa wa valvu. Lita 322 kwa saa kwa kPa 3 zinataka Kv ya karibu 1.86. Aliyefunga jengo akiwa amefuata kipenyo cha bomba tu na kuweka valvu yenye Kv 14, ikiwa wazi itatoa tofauti ya kPa 0.05, na hilo hakuna kifaa cha kawaida kitakachokusomea. Ukiifunga hadi isomeke, inakuwa imebakiza ufa mwembamba unaozibwa na punje ya kutu. Valvu ya aina hiyo ibadilishwe.

---

Jiko_la_Nyumba

Samahani kuingilia. Kwa nyumba ya kawaida yenye rejeta 8 hakuna haya matundu ya kupimia. Si kupima joto tu kunatosha? Na kama joto ni la sakafuni?

---

SpanaNaKalamu

Kwa nyumba ndogo joto linatosha, mradi mfumo uwe umetulia. Fungua valvu zote za upande wa kurudi na vichwa vyote vya themostati. Mfumo ukiwa baridi, washa na uandike mpangilio wa rejeta zinavyopata moto. Ya kwanza kupata moto ifunge upande wa kurudi kisha ifungue robo ya mzunguko, inayofuata zaidi kidogo, na ya mwisho iache wazi. Kisha bana vipimajoto viwili, kimoja bomba la kuingia, kimoja la kutoka, na usogeze valvu kwa sehemu ya nane ya mzunguko hadi tofauti ilingane na unayoitaka. Subiri dakika 15 au 20 kila unaposogeza. Wanaokosea hapa wanakosea kwa haraka. Rangi ya bomba nayo ina neno lake: chuma kinachong'aa hudanganya kipimajoto cha mwanga, kifunike na mkanda mweusi kwanza.

Tofauti inayotakiwa inategemea chanzo. Boila ya gesi inayovuna joto la mvuke inahitaji maji yarudi chini ya nyuzi 55 hivi, na kadiri yanavyorudi baridi ndivyo inavyovuna zaidi. Pampu ya joto, yaani mashine inayovuta joto la nje na kulileta ndani, kwa kawaida hutaka tofauti ndogo, nyuzi 5 hivi, na hapo mtiririko ni mara nne ya ule wa nyuzi 20, na ukinzani kwenye mabomba yaleyale ni karibu mara 16. Wanaobadilisha boila kwa pampu ya joto bila kukagua vipenyo wanajikuta na tatizo la nguzo C nyumba nzima.

Kwa jengo la Mtambo_B sishauri njia ya joto. Kuna matawi 12 yanayoathiriana, na siku isiyo ya baridi tofauti za joto ni ndogo mno kuamua chochote.

Sakafu: kila mzunguko wa bomba una kioo cha mtiririko kwenye kigawio, pale maji yanapogawanywa kwa mizunguko, kinasoma lita kwa dakika. Mzunguko wa wati 900 wenye tofauti ya nyuzi 7 unataka lita 110 kwa saa, yaani 1.8 kwa dakika. Ongeza kiasi, sehemu ya joto inakwenda chini ya zege. Fungua injini zote ndogo zinazofunga na kufungua mizunguko ya vyumba, panga vioo vyote, kisha rudi wa kwanza upya, maana umeshabadilika. Bomba la milimita 16 likizidi mita 100, gawanya mzunguko. Na usihukumu matokeo kabla ya siku nzima, zege ni zito.

---

Mtambo_B

Matokeo: A 112%, B 110%, C 111%. Tawi la mwisho la C liko 109%. Wiki hii vichwa vya themostati vinarudishwa. Je, mluzi wa A utarudi vikifunga?

---

Kilopaskali

Namba nzuri, kwa rejeta, kupishana kwa 10% hakuna atakayekuhisi. Shusheni spidi ya pampu hadi C isome 100%. Kutoka 111 hadi 100 spidi inapungua kwa sehemu ya kumi, na umeme unabaki karibu 73% ya wa sasa.

Kuhusu mluzi: valvu mlizoweka ni za hali ya mtiririko kamili. Vyumba vikipata joto na nusu ya themostati kufunga, maji yanapungua, mabomba yanakula presha kidogo, na presha iliyobaki yote inaangukia kwenye rejeta zilizo wazi. Ikipita kPa 20 hivi, valvu inaanza kulia. Dawa ya kudumu ni kidhibiti cha tofauti ya presha chini ya kila nguzo: valvu kwenye bomba la kurudi, yenye kijibomba chembamba kinachounganishwa na bomba la kwenda. Kipangeni kiipe nguzo inachohitaji tu, kPa 10 za rejeta ukiongeza hasara za mabomba na valvu za matawi. Kama bajeti ni ya kimoja, kiende A.

Pampu nayo irudishwe kwenye hali ya presha isiyobadilika. Kama kuna rejeta inayogonga kama nyundo badala ya kulia, hiyo ni nyingine: valvu ya themostati imefungwa maji yakiingia kinyume cha mshale. Igeuzeni.

---

Mpimaji

Kabla hamjafunga mlango wa chumba cha boila: kila valvu ifungwe kumbukumbu ya mpini, ile skrubu ya ndani inayoruhusu kufunga maji na kuyafungua tena hadi palepale. Kisha tundika kibao: jina la valvu, lita zinazotakiwa, lita zilizopimwa, kPa, namba ya mpini, tarehe. Mfano: "C-4, 322, 325, kPa 3.1, 2.6". Fundi anayekuja kubadilisha rejeta hataijua C-4 kwa kubahatisha.

---

Mtambo_B

Swali la mwisho. Tawi B-2 tunaongeza rejeta ya kW 1. Tunaanza kazi yote upya?

---

Kilopaskali

Hapana. Rejeta mpya inataka lita 43 kwa saa, ipangeni kwa hesabu, kPa 10 inakupa Kv 0.14. Tawi la B-2 sasa linatakiwa kupitisha 365 badala ya 322. Fungueni valvu ya B-2 peke yake hadi isome hivyo, mkiwa mmetoa vichwa vya themostati vya nguzo B. Kisha kagueni tawi moja lolote la B. Kama limeshuka, fungueni kidogo valvu ya chini ya nguzo B, na matawi yake yote yatapanda pamoja. A na C msiziguse, na kibao cha B-2 kiandikwe upya.